Mwizi Aliyevishwa Koti la Baba

Mwanangu, kwa miaka mingi nilikana kwamba mdogo wangu Ambokile alikuwa mwizi. Wenzangu chuoni niliwaambia anashughulika na makufuli huko Dar es Salaam, na kwa kweli kazi hiyo hakuifanyia uvivu. Wakati yeye anavunja milango, mimi nilikuwa naandika tasnifu kueleza kwa nini wizi unapungua katika jiji hilohilo. Nilitaja taa za barabarani, doria, ajira za vijana. Yote ni kweli, ila ungenisikia nikiyaeleza ungedhani taa nimezifunga mwenyewe.

Siku ambayo hadi leo inaniduwaza ni ile ya kumaliza matanga ya baba, kule kijijini kwetu Kisiba. Ambokile alikuwa amekuja tangu siku ya mazishi, akachimba kaburi na vijana wenzake bila kumtazama mtu usoni. Wazee walipokaa kumtaja mrithi, nilimvuta baba mdogo pembeni nikamnong'oneza lile nililokuwa nikilikana.

"Tunajua," akasema. "Ulidhani tunampa kwa sababu hatujui?"

Wakamvika koti la marehemu. Kwetu mrithi hapewi mashamba tu, anakuwa yule aliyeondoka. Shangazi zetu wenye mvi, wajukuu, majirani, wote wakapita mbele yake wakimwamkia kama walivyomwamkia baba. Kila alipoamkiwa alirudi nyuma nusu hatua, viganja vyake vimezama ndani ya mikono mirefu ya lile koti. Sijawahi kuona mtu akiogopa hivyo kitu alichopewa kwa mikono miwili. Zamu yangu ya kumwita Baba ilipofika, nikasingizia mafua.

Nikawa nangoja arudi Dar. Migomba ikazaa, ikakatwa, ikachipua tena. Hakurudi.

Mwanangu, jiji liache na taa zake na polisi wake, vinasaidia. Lakini wizi hupungua pia kwa mtu mmoja mmoja, pale mwizi anapopata cha kulinda, na watu wanaomtegemea akilinde. Ukipata nafasi ya kumpa mtu heshima ambayo bado hajaistahili, usijifanye una mafua. Mungu akupe mlango ambao watu wataugonga bila hofu, nawe uufungue bila hofu.

Wiki iliyopita Ambokile alinipigia simu. Wakulima wa parachichi wamemchagua atunze funguo za ghala lao. Alikuwa anaongea chinichini.

"Dada, nikatae? Hawa wanajua nilikotoka."

Safari hii sikuwa na mafua.

"Zichukue, Baba," nikasema.