Kiingereza cha Shamba la Mahindi

Sisi tuliosoma miaka ya sabini kule milimani Kilolo hatukuhitaji kengele ya kutuamsha, baridi ilitosha. Unatoka nyumbani ukungu umefunika hata mbuzi, miguu peku, jembe la shamba la shule begani, na mfukoni viazi vya moto vilivyookwa kwenye majivu. Kwanza vilikuwa vya kupasha mikono, kula kulifuata baadaye. Wajukuu nikiwasimulia wananitazama kama naeleza habari za Nuhu.

Darasa la sita tukapata mwalimu mpya wa Kiingereza, Mwalimu Atupele, Mnyakyusa wa Uyole, mwanamke mwenye sauti iliyozoea kushindana na malori ya barabara kuu. Tukikutana naye njiani tunamwamkia kwa Kihehe chetu, "Kamwene", naye anatujibu kwa Kinyakyusa chake, wote tunacheka. Siku moja alituambia tuache madaftari, tubebe majembe. Huko shambani akashika bua la mhindi lililozongwa na maharage.

"Hili bua limesimama lenyewe. Hicho ndicho kishazi huru. Haya maharage, bua likiondoka, yako chini. Hicho ndicho kishazi tegemezi. Haya, wawili wawili!"

Basi tukawa tunasoma kwa miili. Mmoja anasema kipande chake cha Kiingereza akiwa wima, mwenzake anasema kile kisichojitosheleza huku amemwegemea mgongoni. Kisha aliye huru anaruka pembeni, na tegemezi anakwenda chini, puu, kwenye matuta. Sentensi ya kuuliza tulishika kidevu, ya amri tulinyoosha kidole, ya mshangao mikono kichwani. Raha iliyoje! Nikirudi nyumbani na udongo mgongoni, mama ananiuliza, "Hicho Kiingereza mnakisoma au mnakilima?"

Mimi nilicheza na Vaileti, tuliyekaa naye dawati moja. Darasani Vaileti alikuwa bubu kwa kuogopa fimbo. Shambani ndiko alikofungua kinywa, tena akawa mkali kuliko sisi wote.

Mwalimu Mkuu hakupendezwa na michezo ile. Akatutangazia kwamba mkaguzi anakuja, na tukishindwa kujibu, Mwalimu Atupele atapelekwa darasa la kwanza na Kiingereza atatufundisha yeye mwenyewe. Yeye na fimbo yake ya mwanzi, tulimfahamu vizuri. Vaileti alilia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Mkaguzi akaja na Landrova iliyojaa tope. Tumeketi, tumenyooka, miguu imeoshwa. Akaandika ubaoni kwa Kiingereza: mvua ilipokatika, watoto walikwenda shambani. Akauliza ni kipande kipi kinachoweza kusimama peke yake.

Tulikuwa hatujawahi kusoma vishazi tukiwa tumekaa! Vyote vilibaki kule kwenye matuta. Mwalimu Mkuu akakohoa. Mwalimu Atupele akatazama dirishani, upande wa shamba.

Ndipo Vaileti akainuka. Akanivuta mkono mpaka mbele, akaniegemea mgongoni, akasema kwa sauti kipande cha mvua. Nami nikajikuta nasema cha watoto, halafu, kwa mazoea tu, nikaruka pembeni. Vaileti akaanguka chali mbele ya viatu vya mkaguzi.

"Kwa nini ameanguka huyu?" mkaguzi akauliza.

"Kwa sababu ni tegemezi!" darasa zima likajibu, kwa Kiingereza chetu cha Kihehe. Hapo hapo wengine wakasimama, huyu kidevu, yule kidole, nyuma kule mikono kichwani. Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani kujifuta machozi. Akamgeukia Mwalimu Mkuu: "Mwalimu huyu aachwe hapa hapa." Tukabaki naye mpaka tulipomaliza la saba, na Vaileti hakunyamaza tena.

Siku hizi mjukuu wangu anasoma Iringa mjini, anafuatwa na basi mpaka mlangoni, Kiingereza kinamtoka puani. Akikwama anaiuliza simu. Juzi nikamtega, kishazi tegemezi ni nini? Akanisomea jibu zuri kabisa bila kuinua macho. Nikamwambia aweke simu chini, aje aniegemee mgongoni.

"Bibi naye!" Akaguna, akatazama kama kuna anayemwona, kisha akaja.

Mgongo wake ulikuwa na joto lile lile la Vaileti asubuhi za ukungu. Nikamwambia aseme kipande chake, akasema, nami nikasema changu. Kwa utaratibu wa Mwalimu Atupele, hapo ndipo nilipotakiwa kuruka pembeni.

Sikuruka.