Sura ya Uwamwezi kwenye Bango la Marubani

Uwamwezi wa Kirolirwe hakuwa mwanamke wa kuwapendeza wageni. Alizaliwa kilima kimoja, akaolewa kilima cha pili, na maisha yake yote yalikuwa ng'ombe, maziwa na fromaji, yaani jibini, zile za duara zinazofungwa nyuma ya pikipiki kupelekwa Sake na Goma. Sauti yake ilikuwa nzito, na mdomo wake haukujua kupaka maneno mafuta. Mumewe Sebahire, mtu mpole asiyependa makelele, alizoea kuwaambia majirani: "Mukitaka maneno iishe mbio, musimuite muke yangu."

Wakati huo vita ilikuwa bado haijafunga uwanja wa ndege wa Goma, na mjini kulikuwa na shule ya marubani yenye ndege ndogo nyeupe ya injini moja. Asubuhi mbingu zikiwa safi, ndege hiyo ilikuja juu ya malisho ya Masisi, Kirolirwe ikiwemo, kufundishia wanafunzi kupinda, kushuka na kupanda. Huko juu waliona majani matupu na nyumba chache, wakasema hapa ndipo pazuri pa kujifunzia. Ng'ombe hawakuhesabiwa.

Mwanzoni watu walipunga mikono. Kisha ndege ikaanza kushuka chini zaidi, hadi mtu akaweza kusoma herufi za ubavuni. Ng'ombe wakawa wanakimbia hovyo, maziwa yakapungua. Asubuhi moja Bihogo, jike mwekundu wa Uwamwezi aliyekuwa na mimba kubwa, alivunja ua kwa hofu na kuporomoka kwenye korongo. Mguu ulivunjika. Walipomchinja, walikuta ndama tumboni ameshaota manyoya. Uwamwezi alinawa damu mikononi, akaenda kuuziba ua uliovunjika.

Jumapili, baada ya misa, wafugaji walikusanyika uwanjani mwa kanisa. Libérata, jirani yake na rafiki yake tangu katekisimu, ndiye aliyemsukuma mbele.

"Weye njo uko na mudomo," alisema. "Wende Goma, utusemee sisi wote. Ile avion ihame huku."

Uwamwezi akaenda.

Ofisi ya shule ilinukia rangi mpya. Ukutani palijaa picha za vijana wenye miwani myeusi na mashati meupe, mistari ya dhahabu mabegani, wamekunja mikono mbele ya ndege kubwa ambayo shule haikuwa nayo. Viatu vyao viling'aa. Uwamwezi alitazama vyake, vilivyokuwa na tope la kwao, akazidi kukasirika.

Mkurugenzi, Papa Esdras, alikuwa mtu wa tabasamu lisilotoka usoni hata akikanyagwa.

"Karibu Mama. Unakuja kuandikisha mutoto?"

"Nakuja juu ya ngombe yangu. Avion yenu iliiua."

"Iliigonga?"

"Iliitisha, ikaanguka mu korongo."

"Basi haikuigusa, Mama."

"Muntu akikukimbiza na panga ukaanguka mu shimo, naye atasema hakukugusa?"

Esdras alicheka kama mtu aliyesikia kichekesho cha mtoto. "Mama, bantu ya mashamba banaogopa kitu habajue. Kuja tukupe batemu ya hewa, ubatizo wa kule juu, bure kabisa. Njo somo letu la kwanza kwa kila muntu. Utakaa na mwalimu, utashika usukani na mikono yako. Ukishuka, utakuwa rafiki yetu."

"Batemu? Mi nilisha batizwa."

Alitaka kuondoka. Lakini wazo likamjia: akipanda, atawaonyesha kwa kidole, ua hadi ua, wala hawatasema tena kwamba hawakujua.

"Nitapanda," alisema. "Lakini tupite kwetu. Na tukae juu, mbali na ngombe."

Dada mmoja wa kamera alimvika kofia yenye nembo ya shule. Uwamwezi aliivua. Dada akamvika tena, akimsihi kwa upole, naye akaiacha kwa kuwa safari ilikuwa inachelewa.

Mwalimu aliitwa Marcellin, mwembamba, mdomoni anatafuna shingamu, na alizungumza bila kumtazama mtu. Ukivuta usukani, pua inapanda. Ukisukuma, inashuka. Ukiupinda, ndege inalala upande.

"Usikaze mikono," alimwambia. "Hii haiko jembe."

"Na mi siko ngombe. Usinifokee."

Dada wa kamera akaketi nyuma, injini ikanguruma, ardhi ikawaachia. Uwamwezi alishika kiti kwa mikono miwili. Alisali kimoyomoyo, kisha akamlaani Esdras, kisha akasali tena kwa sababu ya kulaani. Ziwa lilikunjuka chini yao, Sake ikapita, vilima vikaanza. Hapo Marcellin aliondoa mikono yake.

"Iko yako."

Uwamwezi alipinda usukani kidogo tu. Bawa likainama, na nchi nzima ikageuka polepole kumfuata. Chuma kile kilichomtesa kilikuwa kinamtii kama ng'ombe mzee anayemjua mkamuaji wake. Tabasamu lilimtoka kabla hajaliwahi. Nyuma yake kamera ikalia.

Muda si mrefu aliona paa la kanisa lao, kisha malisho.

"Kule! Njo kwetu. Usishuke!"

"Ili uone vizuri," alisema Marcellin, akachukua usukani, akashusha pua.

Ng'ombe wakatawanyika. Lakini toka huko juu hapakuwa na mlio wa kwato, wala kilio cha ndama, wala wachungaji kuitana. Palikuwa na vidoa vyeusi na vyekundu vikitiririka kwenye majani mazuri ya kijani, na nyuma yao mwanamke wa kitenge cha manjano akikimbia mikono juu. Uwamwezi aliujua mkimbio ule, ulioegemea mguu wa kulia. Alikuwa Libérata.

"Ona," alisema Marcellin, "zinacheza."

"Panda!"

"Tulia, Mama."

Uwamwezi aliukamata usukani wa upande wake akauvuta kwa nguvu zote za mikono ya kukamua. Ndege iliruka juu, kengele ya hatari ikalia, dada wa kamera akapiga mayowe. Marcellin alimpiga mikono hadi akaachia, akasukuma pua chini, akaituliza ndege huku akitukana kwa Kifaransa.

"Unataka kutuua?"

"Weye njo muuaji."

Marcellin aligeuza ndege kurudi Goma.

Esdras alikuwa anangoja. Uwamwezi alimwambia mbele ya wote: "Nimeona, na nyiye mumeona. Hamutasema tena hamukujua. Muhame."

"Tutaangalia, Mama," alijibu Esdras, akamshika mkono, na kamera ikalia tena.

Ndege haikuhama. Kilichofika Kirolirwe kabla ya jibu lolote ni picha. Dereva wa pikipiki ya fromaji aliileta kwenye simu yake, baada ya kuiona kwenye bango kubwa langoni mwa shule: Uwamwezi, kofia kichwani, mkono kwenye usukani, meno yote nje. Chini yake maandishi: *Hata mama wa ng'ombe anaruka. Na wewe je?*

Libérata alikuja na simu hiyo mkononi hadi kwenye zizi.

"Tulikutuma utusemee, nawe ukaenda kuchekea."

"Walinipiga foto bila kuniuliza."

"Siku ile avion ilipita chini chini nikakimbia na ngombe, nikaanguka, magoti ikatoka damu. Njo siku ya foto hii?"

Uwamwezi angeweza kudanganya. Hakujua jinsi.

"Njo siku hiyo."

"Ulikuwa mule ndani?"

"Nilikuwa. Nikamwambia apande, nikavuta usukani mimi mwenyewe..."

"Na ulikuwa unacheka."

"Nilicheka mbele ya kufika huku."

"Basi ulicheka," alisema Libérata, akatema mate pembeni ya mlango, akaondoka.

Tangu siku hiyo walimwita Piloti. Kwenye kibanda cha fromaji walichotumia pamoja, bidoni lake, dumu la kubebea maziwa, liliachwa nje juani hadi maziwa yakaganda. Kanisani benchi lake lilikuwa na nafasi tele. Sebahire alimsihi avumilie, watu watachoka. Lakini ndege ilizidi kuja, na kila ilipopita, macho ya kilima kizima yalimgeukia yeye.

Akasikia kwamba shule imealika wazazi kuja kuitazama. Akavaa kitenge chake cha misa, akashuka Goma.

Viti vilipangwa mbele ya ndege. Wazazi walikaa na watoto wao waliokwisha kukunja mikono kama wale wa kwenye picha. Esdras alimwona anapita chini ya bango lenye sura yake, akafurahi kweli.

"Huyu njo Mama yetu!" alisema kwenye maikrofoni. "Hakuwahi kupanda, leo haogopi. Mama, sema neno."

Watu walipiga makofi. Uwamwezi alichukua maikrofoni.

"Sura iko yangu. Maneno haiko yangu. Siku ya foto hii, avion hii ilikuwa inakimbiza ngombe ya jirani yangu, naye anaanguka, na mi niko ndani. Kushika usukani iko tamu, sitabadanganya. Lakini kule juu hausikie mutu wa chini akilia. Mubaulize kama banafundisha hiyo."

Makofi hayakuja. Mtu mmoja alicheka, mwingine akamwambia anyamaze. Baba mmoja mwenye koti alisimama: "Papa Esdras, iko kweli?" Na kwa mara ya kwanza tabasamu la Esdras lilitafuta pa kwenda.

Uwamwezi hakungoja jibu. Alifungua kamba za bango moja baada ya nyingine. Walinzi walipomfikia alikuwa ameshaliangusha na kulikanyaga. Walimburuta hadi barabarani, kitenge kikachanika, kiatu kimoja kikabaki ndani, naye akawa anawatukana kwa Kihunde, Kinyarwanda na Kiswahili, kila lugha kwa zamu yake.

Mvua zilizofuata, ndege haikuonekana tena Kirolirwe. Wengine walisema ni kwa sababu yake, wengine kwamba ilikosa mafuta, na wengine kwamba sasa inazunguka upande wa Kalembe, juu ya malisho ya watu wengine. Hili la mwisho lilimuuma. Hakutaka kumpelekea mtu mwingine msiba wake.

Bidoni lake likarudishwa ndani ya kibanda. Libérata mwenyewe ndiye aliyelinyanyua, lakini hakumsalimu. Hadi leo hawasalimiani.

Jioni moja, wakimaliza kukamua, Sebahire aliuliza swali alilokuwa amelibeba muda mrefu.

"Na kule juu, kulikuwa namna gani?"

"Kulikuwa kuzuri," alisema Uwamwezi. "Hata ngombe zikikimbia, kulikuwa kuzuri. Njo maana siwezi kubasamehe."

Akachukua ndoo, akaingia ndani, na Sebahire akafunga zizi.