Saini ya Pili

Ijumaa iliyopita shangazi yangu alijifungia mlango mwenyewe. Saa nne asubuhi, siku yake ya mwisho kazini, aliandika ombi la kufunga ruhusa zake zote kwenye kompyuta za hospitali. Akasubiri, kisha akajaribu kuingia kwa jina lake na neno lake la siri. Kompyuta ikamkatalia. Akacheka hadi machozi, akajaribu tena kuhakikisha, ikamkatalia tena. "Safi," akasema, akachukua mkoba wake. Wenzake walikuwa wameandaa hotuba, lakini yeye sherehe yake ilikuwa imeshakwisha.

Watu wengi hospitalini wanamjua kwa jina la Mama Funguo, na wengi wanadhani ni utani tu. Sivyo. Alianza pale akiwa askari wa getini, na kwa miaka kumi na moja alikaa kwenye kibanda chenye dirisha moja na ubao wa misumari themanini na minne, kila msumari na ufunguo wake. Kila aliyechukua ufunguo aliandika daftarini: jina, saa, sababu, saa ya kurudisha. Hakukuwa na daktari bingwa wala mfagiaji mbele ya daftari lile. Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Mimi ni mtoto wa kaka yake, alinilea tangu nikiwa darasa la tatu, na ufunguo wa stoo niliuandikia kama mtu baki.

Miaka ile ya getini, kila jioni alikwenda kusomea kompyuta kwenye chumba kilichokuwa juu ya duka la vitambaa, sare ya uaskari ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko. Hospitali ilipoanza kuweka habari za wagonjwa kwenye kompyuta, ikatafuta mtu wa kusimamia nani aingie wapi. Daktari mkuu wa wakati ule, mtu mwenye akili zake, akauliza, "Mbona tunaye tayari, pale getini?" Ndivyo shangazi alivyopanda kutoka kibandani hadi chumba cha mitambo, chenye baridi ya kutetemesha meno, akaenda na daftari lake.

Mimi nikawa muuguzi wa wodi ya watoto, ghorofa ya pili. Huko ndiko tulikokuja kugongana.

Hospitali ilikuwa na mifumo miwili ya kompyuta isiyosalimiana. Wa kwanza tuliuita Kengele. Chochote kikiharibika, au mtu akihitaji kitu, unaandika humo, unapewa namba, na namba hiyo haifungwi mpaka jambo lishughulikiwe. Wa pili tuliuita Daftari, na huo ndio uliojua nani ni mfanyakazi, anaruhusiwa kufungua nini, na nani alimkubalia. Katikati yao alikaa shangazi. Anasoma ombi kwenye skrini ya Kengele, anageuza kiti, anaandika kwenye skrini ya Daftari, anageuza kiti tena na kutia alama kwamba limekamilika. Maombi yalikuwa mengi na kiti kilikuwa kimoja. Muuguzi mpya alikaa siku tisa bila ruhusa ya kufungua hata faili la mgonjwa.

Siku tisa wodini ni mwaka. Kwa hiyo tulijiongeza. Matroni wetu wa zamani alikuwa amestaafu miaka mitatu nyuma na alikuwa kwake akilea wajukuu, lakini jina lake kwenye kompyuta lilikuwa bado linafanya kazi. Neno lake la siri lilibandikwa chini ya trei ya kabati la dawa. Wauguzi wapya wote waliingia kwa jina lake. Kwa mujibu wa kompyuta, mama wa watu alikuwa anapiga zamu tatu kwa siku, bila likizo, kwa miaka mitatu. Tulicheka sana juu ya hilo.

Lisilochekesha ni saini ya pili. Dawa kali za watoto huwa zinasainiwa na watu wawili: mmoja anapima, wa pili anakagua. Nikiwa peke yangu na watoto thelathini na mmoja, wa pili ningemtoa wapi? Nilisaini kwa jina langu, nikatoka, nikaingia kwa jina la Matroni, nikasaini tena. Nilijiambia mimi ni mzoefu. Miaka mingi kazini humvimbisha mtu kichwa.

Wakati huo shangazi alikuwa amechoka kugeuza kiti. Alitaka mifumo ile iongee yenyewe. Kengele ikipokea ombi, iulize Daftari kama mtu huyo yupo, na kama mkuu wake amekubali, kisha mlango ufunguke bila kupitia mkono wa mtu. Na Daftari ikiona ufunguo unatumika kinyume cha utaratibu, igonge Kengele papo hapo. Vijana wa kampuni iliyouza mifumo walisema ni kazi ya wiki mbili. Ilichukua miezi minane, kwa sababu Kengele iliwajua watu kwa barua pepe na Daftari iliwajua kwa namba ya kazi, na watu mia mbili na kumi na wawili hawakulingana. Vijana wakataka kukisia. Shangazi akawaangalia mpaka wakaona aibu. Kisha akachukua daftari la shule, akapita wodi kwa wodi, jikoni, kufulia, mpaka mochwari, akimuuliza kila mtu uso kwa uso, "Wewe ni yupi kati ya hawa?"

Siku ya pili ya majaribio, saa tatu asubuhi, Daftari ikagonga Kengele kwa mara ya kwanza. Tukio namba moja: mtu aliyestaafu amesaini dawa mara arobaini na moja ndani ya siku saba, wodi ya watoto. Ishirini na sita kati ya saini hizo zilifuata jina langu, kwa tofauti ya sekunde chache tu.

Roho ilinitoka. Sheria ya hospitali ilikuwa wazi: kughushi saini ya dawa ni kufukuzwa kazi. Jioni nilimkuta jikoni kwake akichambua mchele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nilijua utakuja."

"Shangazi, yale si majaribio tu? Yafute, uanze upya kesho. Nani atajua?"

"Daftari inajua. Na mimi najua."

"Unga wangu utamwagika!"

"Unaweza kumwagika, ndiyo," akasema, bila hata kupandisha sauti. "Nikikuficha wewe, basi miezi minane yote nimetengeneza mashine ya kukamatia watoto wa wenzangu." Akasogeza ungo pembeni. "Hebu niambie. Katika hizo ishirini na sita, ngapi ulizikagua mara ya pili?"

Nikainuka. Jibu nililijua: hata moja. Niliondoka bila kula na nikamchukia kwa moyo wote, sifichi.

Tuliitwa ofisini kwa daktari mkuu siku ya Alhamisi, mimi, msimamizi wa wodi, na shangazi. Shangazi alisoma taarifa yake akiwa amesimama, miwani puani.

"Chanzo cha tukio: ufunguo wa mtu aliyestaafu haukufungwa. Aliyepaswa kuufunga ni mimi. Ombi lilifika kwenye Kengele siku ile ile Matroni anaondoka. Nililitia alama ya limekamilika, na kwenye Daftari sikugusa kitu. Miaka mitatu mlango umekaa wazi kwa uzembe wangu."

Daktari mkuu akainua kichwa. "Mama, hiyo una hakika unataka iandikwe?"

"Imeshaandikwa, daktari."

Kisha akasoma jina langu, na saini ishirini na sita, na zile sekunde. Hakupunguza kitu. Lakini kando ya kila saini alikuwa ameweka jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: idadi ya watoto waliokuwa wodini saa ile, na idadi ya wauguzi. Thelathini na mmoja, mmoja. Ishirini na tisa, mmoja. Thelathini na watatu, mmoja. Alisoma zote ishirini na sita kwa sauti ile ile ya getini. Alipomaliza, daktari mkuu hakuniangalia mimi. Alimgeukia msimamizi wa wodi.

Zikatoka barua mbili za onyo, yangu na ya shangazi. Yake aliipeleka masjala mwenyewe ili isipotee njiani. Jina la Matroni lilifungwa mchana huo, na shangazi akapanda basi hadi kwa bibi huyo kumwambia ufunguo wake umerudishwa, akamsainisha kwenye daftari la shule. Mwezi uliofuata tukaongezwa muuguzi wa pili kila zamu. Mimi niliendelea kumnunia shangazi. Salamu tu, basi.

Muuguzi mpya wa zamu yangu aliripoti saa mbili asubuhi. Saa mbili na robo alikuwa ameshafunguliwa mlango kwa jina lake mwenyewe, mifumo imeshasalimiana, hakuna kiti kilichogeuzwa. Saa tano nilipima dawa, nikasaini, nikampisha. Binti akasoma lebo, akasoma faili, akasoma lebo tena. Nilianza kukereka.

"Dada, samahani. Hii dozi si ya kitanda cha tisa? Hapa tuko kitanda cha sita."

Kitanda cha sita alikuwa mtoto wa miezi saba. Sindano ilikuwa tayari mkononi mwangu. Niliirudisha sindano kwenye trei, tukamwaga dawa ile, tukapima upya, tukasaini wote wawili.

Kisha nikashuka ngazi hadi chumba cha mitambo. Shangazi alikuwa amejifunga sweta, mgongo mlangoni. Nilitaka kuomba msamaha, nikaanza kulia kabla sijafungua mdomo. Hakuuliza kwa nini; muuguzi wa watoto halii bure saa za kazi.

"Mtoto yuko salama?"

"Yuko salama."

"Umeandika kwenye Kengele?"

"Bado."

"Panda ukaandike," akasema, akinifuta uso kwa kiganja chake. "Andika na jina lako. Halafu urudi hapa tunywe chai."