Nyumba ya Tisa

Kerrow Gelle alikuwa karani wa mifugo kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu Garissa aliyewahi kumwita mpole. Ukimletea cheti cha ngozi chenye tarehe iliyofutwafutwa, alikurudisha nyumbani wewe na ngozi zako, hata kama umetembea kutoka Sangailu. Watu walimsengenya, naye alijua, na wala hakupoteza usingizi kwa hilo. Alistaafu mwaka wa 1964, vita vya serikali na shifta, waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga, vikiwa vimeshapamba moto, akabaki na hasira zake na mtu wa kumkasirikia hana, isipokuwa mkewe Maka, ambaye hakuwa mtu wa kukasirikiwa bure.

Siku hizo mji wote uliendeshwa na ubao. Ulikuwa umepigiliwa nje ya ofisi ya wilaya, na kila siku chache ulibandikwa karatasi mpya: saa za kutotoka nje, njia zilizofungwa, mahali pa kuchungia, mahali pa kunywesha. Ukivuka mstari usioujua, kutojua kwako hakukukinga na risasi. Karatasi ziliandikwa Kiingereza na Kiswahili, na watu wenyewe ni Wasomali. Lakini asiyejua kusoma angalau aliiona karatasi mpya akauliza imesema nini. Wasioona hawakujua hata kama kuna la kuuliza.

Mwaka wa 1965 jumuiya moja ya hisani ya Nairobi ililetwa na msafara wa malori ya jeshi. Walikuja watu wawili, mama mwenye kofia pana na dereva wake, wakawatafuta wasioona wa mji, wakawaachia mashine ya kunasa sauti inayotumia betri pamoja na mikanda minane iliyosomewa vitabu kwa Kiswahili safi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kerrow aliteuliwa kuwa mtunzaji kwa kuwa alijua kusoma na hakuwa na kazi. Mkanda wa kwanza ulihusu ufugaji wa nyuki.

Mzee Guleid, aliyekuwa mwendesha ngamia kabla macho hayajamwisha, aliusikiliza hadi mwisho kwa adabu. Kisha akasema, "Adeer, ami yangu, nyuki nimewaelewa. Sasa niambie, nikitoka kwenda chooni saa moja jioni, nitapigwa risasi au sitapigwa?"

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, Kerrow alikwenda ubaoni na daftari, akanakili kila tangazo, akarudi nyumbani akayageuza kuwa Kisomali na kuyasoma ndani ya mashine, akiufuta mkanda wa wale nyuki. Toka siku hiyo ikawa ndiyo kazi yake. Mikutano ilikuwa imepigwa marufuku, kwa hiyo mashine ilizunguka nyumba kwa nyumba: waliomaliza kusikiliza waliibeba hadi kwa jirani anayefuata. Nyumba zilikuwa tisa. Ya kwanza ya Guleid, kwa sababu ya kelele zake. Ya tisa ya Batula, kwa sababu alikaa mwisho kabisa, upande wa mtoni. Nairobi walitaka ripoti kila mwezi, na Kerrow, ambaye hakuwahi kuandika uongo maishani mwake, aliandika kwamba wasikilizaji wamewapenda sana nyuki.

Kulikuwa na lalamiko moja tu. Kila tangazo lilianza na namba ya kanuni, kifungu na tarehe, na Kerrow aliyasoma yote taratibu, kama anayepiga muhuri. "Betri zitakwisha ukiwa bado kwenye tarehe," alisema Guleid, na wengine wakamuunga mkono. Betri kweli zilikuwa adimu. Kerrow alinung'unika wiki nzima, kisha akaviacha vichwa vya matangazo, akawa anaingia moja kwa moja kwenye habari yenyewe.

Batula alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi. Macho yalimwisha kwa trakoma akiwa bado mama kijana. Alikuwa na mbuzi kumi na mmoja, na aliwachunga mwenyewe kwa kengele na kwa mkono. Alimjua kila mmoja kwa pembe na kwa kikohozi. Mbali na hao hakuwa na mbele wala nyuma.

Ijumaa moja ya Agosti 1966 tangazo lilisema njia ya kivuko cha zamani iko wazi kwa kunyweshea, saa moja hadi saa tatu asubuhi. Kerrow akalisoma. Jumapili lori lilishambuliwa karibu na hapo, Jumatatu ubaoni pakabandikwa karatasi ya kuifunga njia. Mashine yenyewe ilikuwa bado katika nyumba ya nne. Ilimfikia Batula Jumatano, na Alhamisi asubuhi askari wa doria walimkuta kivukoni, amesimama kwenye maji ya magotini, mbuzi wake wanakunywa.

Kerrow alizipata habari kwa Kaltun muuza chai, kikombe kikiwa mkononi. Akahesabu siku kwa vidole, Ijumaa mpaka Jumatano, na chai ikamshinda. Aliwarudisha watu na ngozi zao kwa ajili ya tarehe, halafu yeye mwenyewe akaziacha tarehe pale zilipokuwa zikilinda roho ya mtu. Aliona aibu iliyompanda hadi masikioni. Kuingia eneo lililofungwa kulimaanisha kuwekwa kizuizini, na mbuzi walichukuliwa moja kwa moja.

"Nyamaza," Maka alimwambia nyumbani. "Mzee mwenye mashine ya sauti siku hizi ni shifta mwenye redio. Watakufunga wewe, na Batula hawatamwacha."

"Na nisiponyamaza?"

"Utakuwa umefungwa ukiwa mkweli. Haya, nenda. Mimi nimeshasema."

Alikwenda ameibeba mashine kichwani, mchana kweupe, ili asije akaambiwa aliificha. Ofisini alimkuta Batula ameketi sakafuni, mikono mapajani. Ofisa wa zamu alikuwa kijana wa bara, mchovu, na kando yake alisimama Awil, mkalimani.

"Bwana mkubwa," alisema Kerrow kwa Kiswahili chake cha ofisini chenye lafudhi ya Kisomali, "kosa ni yangu, si ya huyu mama. Yeye haoni. Mimi nilisoma hiyo tangazo ya Ijumaa bila tarehe. Sauti yangu ndiyo ilimtuma bale mtoni. Sikiliza fizuri, iko hapa ndani."

Mkanda ukachezwa tangu mwanzo. Awil alitafsiri neno kwa neno, na ofisa alifuatisha kwa kidole kwenye faili la matangazo. Hakukuwa na neno lililozidi wala lililopungua, ila tarehe.

"Ulifanya kazi gani zamani, mzee?" ofisa aliuliza.

"Karani wa serikali. Miaka ishirini na mbili."

"Na ukaacha tarehe."

Kerrow alitazama chini. Batula hakusema neno.

Batula aliachiliwa siku ileile pamoja na mbuzi wake wote. Mashine na mikanda vilibaki ofisini. Kerrow alilala ndani siku nne, na alipotolewa akaonywa: akikutwa tena anapeleka matangazo majumbani, kwa mashine au kwa mdomo, safari hiyo hatarudi upesi. Kusoma ubaoni hakukatazwi, ofisa aliongeza, ubao ni wa kila mtu.

Hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda kwa Batula kuomba radhi. Batula akamkaribisha, akamtilia chai ya maziwa, akamwacha aseme yote mpaka akamaliza.

"Mimi ni nyumba ya tisa, Kerrow," alisema. "Kila neno lako hunifikia limelala siku tano. Unadhani sijui kuhesabu? Tangu Jumatatu sikusikia kengele ya mbuzi wa mtu yeyote ikielekea mtoni. Nilijua njia imefungwa."

"Ulijua?"

"Mbuzi walikuwa na siku tatu hawajanywa. Kisimani wanawapa watu tu. Nikasema liwalo na liwe."

Kerrow aliweka kikombe chini. "Na pale ofisini ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Nilikusikia ukisema kosa ni lako, nikasema moyoni, Kerrow ana pensheni na mke, mimi nina mbuzi kumi na mmoja. Walaahi, sikuwaza zaidi ya hapo. Sikuombi unisamehe. Nimekwambia ili usijilaumu kwa kosa lisilo lako."

"Mimi umenifunga siku nne, sawa. Na wale wanane? Nani atawasomea?"

Kerrow aliondoka bila kuaga, chai yake haijafika nusu, na alikuwa na hasira ya kweli, tofauti kabisa na zile za vyeti vya ngozi.

Wiki haikuisha, saa ya kutotoka nje ikasogezwa nyuma kutoka saa moja hadi saa kumi na mbili jioni. Guleid hakuambiwa. Alitoka kwenda chooni kama kawaida yake, doria ikamkuta, akapigwa kitako cha bunduki begani. Hakufa, lakini mkono haukuinuka tena sawasawa. Kerrow alipokwenda kumwona, mzee alitaka kujua jambo moja tu: je, sasa mwisho wa kutoka nje ni saa ngapi?

Ijumaa, baada ya sala, Kerrow alisimama ubaoni na daftari lisilo na kazi. Akasikia fimbo ikigonga nyuma yake.

"Soma," alisema Batula.

"Nimekatazwa."

"Umekatazwa majumbani. Hapa ni ubaoni. Soma mara moja tu, na usiache kitu."

Alitaka kumfukuza. Akafikiria bega la Guleid, akasoma, kwa Kisomali, kwa sauti ya chini, namba, kifungu na tarehe. Matangazo yalikuwa sita. Alipomaliza, Batula aliyarudia yote sita, namba, kifungu na tarehe, bila kukwama, kama alivyofundishwa utotoni kushika mashairi marefu ya ukoo wao kwa kusikia mara moja. Askari wa mlangoni aliwatazama, mama asiyeona akisema peke yake mbele ya ubao, akageukia kwingine. Batula akashika njia. Kabla ya alasiri nyumba zote nane zilikuwa zimesikia.

Wakaendelea hivyo miezi mingi. Hawakuzungumza jingine. Kerrow hakumsamehe, au kama alimsamehe hakumwambia. Lakini Ijumaa ilikuwa haimpiti, hata alipokuwa na homa.

Kisha ikaja Ijumaa ya Machi 1967. Tangazo lilikuwa moja tu. Kerrow alilisoma kwa macho kwanza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kisha akalirudia tena kwa macho.

"Mbona kimya?" aliuliza Batula.

Angeweza kuruka. Angeweza kusema leo hakuna jipya. Akalisoma lote, namba yake, kifungu chake na tarehe yake: kuanzia Jumatatu hakuna mbuzi wala kondoo atakayefugwa upande wa mtoni; watakaokutwa watachukuliwa, na hakuna rufaa.

Batula akalirudia tangazo lote, taratibu, tangu namba hadi neno la mwisho.

"Nimekosea mahali?"

"Hapana, abaayo," alisema Kerrow, akimwita dada kwa mara ya kwanza. "Hujakosea."

"Basi ngoja niwahi kwa Guleid," alisema Batula. "Ana kondoo wawili huku mtoni, na bado hajajua."