Mama wa Mwana Mpotevu

Kwenye kitambulisho chake aliandikwa Chanda Mumba, kwa sababu miaka ile Zaire iliwavua raia wake majina ya ubatizo. Lakini katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, pale Lubumbashi, kila mtu alimwita Mama Honorine. Hata katibu wa chama, aliyepiga kelele mkutanoni dhidi ya majina ya Kizungu, akipita kuomba maji ya kunywa alimwita hivyo hivyo, tena kwa sauti tamu.

Honorine alikuwa na kipaji kimoja cha kweli, nacho kilikuwa mdomo wake. Simaanishi umbea, umbea kambini hapo kila mtu alikuwa nao. Nasema hadithi. Alizaliwa Pweto, nyumba ya wakausha samaki, na bibi yake alimlea katika sheria ya wasimulizi wa kwao: ukisimulia habari za nyumba, waweke wote waliomo. Akiwepo mtoto, awepo na mama wa kumgombeza. Akiwepo mzee, apewe heshima yake. Msimulizi anayeacha kiti kitupu ni mvivu. Masista wa misheni walipomfundisha Biblia, akaimeza yote kwa sheria hiyo hiyo. Kwa Honorine, mke wa Nuhu aligombana na mumewe kwa ajili ya fisi aliyelala jikoni, na Yona kabla ya kupanda merikebu alifungiwa bukari, ugali wa kwao, ya njiani na mama yake mzazi.

Serikali ilipoondoa somo la dini mashuleni, watu walianza kumletea watoto wao, kisha wakabaki wao wenyewe. Jumamosi, baada ya salongo, kazi ya bure ya serikali ambayo hakuna aliyeipenda na hakuna aliyethubutu kuikosa, majirani waliacha majembe ukutani wakakaa barazani kwake kwa sala ya jumuiya. Honorine alifungua Biblia magotini na kuwatazama watu, si kitabu. Aliyesikia mambo tofauti kanisani Jumapili alidhani padri amefupisha kwa sababu misa ni ndefu.

Mumewe, Émile, alifanya kazi kwenye matanuri ya shaba. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kanisani alisinzia tangu wimbo wa kwanza hadi baraka. Dini yake yote aliipata kwa mdomo wa mkewe, na aliishika barabara.

Kitu alichokipenda Émile duniani, ukiacha familia yake, kilikuwa baiskeli aliyopewa kazini kwa utumishi wa muda mrefu. Aliipangusa kila siku kwa kitambaa, na wakati wa mvua ililala ndani. Asubuhi moja Constantin, kifungua mimba wake, aliichukua, akaenda nayo mpaka Kipushi, akaivusha mpaka wa Zambia na kuiuza. Pesa zilikwisha kwa pombe na marafiki. Kijana akashikwa na aibu, akabaki hukohuko Kipushi kubebea wafanyabiashara magunia.

"Ule haiko tena mutoto yangu," Émile alisema. "Muntu asitaje jina yake mu hii nyumba."

Basi jina halikutajwa. Mvua zikaja zikaisha, zikaja tena. Wauza samaki waliotoka Kipushi walimnong'oneza Honorine kwamba mwanawe amekonda na anakohoa. Alijaribu kusema na mumewe, na Émile akanyanyuka akatoka nje. Honorine akaona kwamba mke hatasikilizwa. Labda Mungu.

Kwaresima ilipofika, akasimulia habari za mwana mpotevu. Katika hadithi yake baba alikaa ndani amenuna, na mama alisimama mlangoni kila jioni, amemwekea mwanawe bukari chini ya sahani iliyofunikwa. Siku moja mama akasema: "Baba, mutoto yetu iko mu njia. Enda umupokee." Na mzee akatii, akavaa shati safi, akashika fimbo, akaenda taratibu, kwa heshima, kumlaki mwanawe.

Ngoja niseme wazi: Honorine alijua. Kusoma kulimpa taabu, lakini kabla ya Jumamosi ile aliutafuta ukurasa na kuufuata kwa kidole, mstari kwa mstari. Aliwakuta watumishi, pete, viatu, ndama. Nguruwe wamo. Mama hayumo. Tena alikuta jambo lililomtia haya: yule mzee anakimbia. Mzee mwenye watumishi anakimbia barabarani! Katika maisha yake Honorine hakuwahi kumwona mzee wa heshima akikimbia, labda nyumba ikiwaka moto. Kwa hiyo mama akamwingiza, na mbio akaziondoa.

Jumamosi mbili zilizofuata akairudia. Kesho yake Émile akavaa shati safi.

"Mama," alisema, "njo vile iko mu kitabu? Mama njo alimutuma baba?"

Biblia ilikuwa mezani. Honorine aliweka mkono juu yake. "Njo vile, Baba."

Émile akapanda lori la Kipushi. Jioni akarudi na Constantin, mwembamba kama ufagio, nyuma yake. Hakuna aliyeeleza kitu. Suruali ya Émile ilikuwa imechanika gotini, akasema lori lile ni bovu. Honorine alitia kiraka, akimshukuru Mungu huku akimwogopa. Constantin akapona kikohozi, akapata kibarua, na kila asubuhi alimmwagia baba yake maji ya kuoga bila kuombwa. Nyumba ikapumua.

Kisha Angélique, binti yao, akaja likizo kutoka chuo kikuu cha Kasapa, kichwa kimejaa. Alisoma fasihi, na mwalimu wao alikuwa amewafundisha kuisoma Biblia kama masimulizi yaliyotungwa kwa ustadi: nani anasema, nani amenyamazishwa, nani anakosekana. Msichana alikuwa anawaka. Akaomba aongoze sala ya Jumamosi, na akasema atasoma habari za mwana mpotevu, "ile ya Mama." Honorine alitafuta sababu ya kukataa, akaikosa. Majirani walikuwa wamekwisha kumpigia binti makofi.

Angélique alisoma vizuri, polepole, kila neno mahali pake. Alipofika mwisho akainua macho.

"Sasa muangalie," alisema kwa furaha. "Mu hii nyumba yote, mama haiko. Mutunzi alimuacha. Juu ya nini?"

Mama Jeanne wa nyumba ya pili akacheka. "Ee mutoto, umeruka kipande. Mama iko pa mulango. Rudia."

Angélique akarudia, kidole kwenye karatasi.

"Hata bukari haiko?" Mama Jeanne aliuliza, kwa masikitiko ya kweli.

"Haiko."

Watu wakageuka kumtazama Honorine. Alitamani ardhi ipasuke immeze yeye, kiti na Biblia ya masista. Aibu mbele ya majirani angeivumilia, angeigeuza kichekesho hata kabla ya Jumatatu. Lakini Émile alikuwa amekaa pale ukutani, na alikuwa hasinzii.

"Mama," alisema. "Nilikuuliza."

"Uliniuliza, Baba. Nilikudanganya, na mukono juu ya kitabu. Mama haiko. Ni miye nilimutia."

Ndipo akamwona Constantin. Kijana alikuwa amesimama, uso umempauka. Hakuhitaji kueleza. Miezi yote hiyo alikuwa ameamini kwamba baba yake alimfuata kwa kumtaka. Kumbe alitumwa, tena kwa uongo. Honorine alimwona akiutazama mlango, akajua kwamba akitoka sasa hatarudi, na kwamba safari hii atakayekuwa amemfukuza ni yeye, mama yake.

Constantin hakutoka. Alimgeukia dada yake.

"Soma tena pale baba anamuona."

Angélique akasoma: mwana yuko mbali bado, baba anamwona, baba anakimbia.

"Anakimbia?" Constantin alisema. "Mama, hii hukuisemaka hata siku moja."

"Niliiondoa," Honorine alisema. "Niliona haya juu ya ule muzee."

Constantin alikaa chini tena, taratibu. Alipoanza kusema, aliisemea sakafu.

"Baba alikimbiaka. Pale Kipushi, katikati ya soko. Niliona muntu anakuja mbio, nikawaza ni polisi. Nikatupa mufuko ya unga, nikakimbia na miye. Akanifuata, anaita jina yangu. Akaanguka mbele ya bantu yote. Balimucheka sana. Akasimama, akakimbia tena."

"Consta, acha," Émile alisema. Alikuwa ameinamisha kichwa, na mkono wake mmoja ulifunika goti.

Chini ya mkono ule kulikuwa na kiraka. Honorine alikijua, alikishona mwenyewe, kwa uzi wa bluu kwa sababu mweusi ulikwisha. Hakuna aliyemwambia Émile akimbie. Yeye alimpa shati safi, fimbo na mwendo wa taratibu. Alimwongeza mama katika hadithi ili amsukume Émile, akampunguza baba, kwa sababu hakudhani kwamba baba anaweza kuwa hivyo. Alikuwa amelala kando ya mtu huyu ujana wake wote. Aliona aibu ambayo haikuwa na uhusiano wowote na majirani, na machozi yakamtoka mbele yao bila kuyafuta.

Angélique alikuwa amefunga kitabu, furaha yake yote imemwishia. "Baba, niache kusoma?"

"Hapana," Émile alisema. "Anza tena mwanzo. Usiruke kitu. Mama naye asikie."

Honorine aliondoka kwenye kiti cha msimulizi, akaketi mkekani katikati ya wanawake wengine. Mama Jeanne akasogea kumpisha nafasi. Angélique akafungua ukurasa.