Ufunguo wa Pili

Mtaani walimwita Komeo, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa fundi kufuli, na kwa kuwafungulia watu milango maisha yake yote, alishajiaminisha kwamba kila mtu ana nia ya kuingia pasipomhusu. Chai ya jirani hakunywa. Karakana yake ilikuwa na ufunguo mmoja tu, nao aliuvaa shingoni kwa kamba, hata kitandani. Mkewe, mama wa watoto wake, aligonga mlango ule kama mteja.

Asubuhi moja alijifungia ndani ili mtu asimwone anavyochonga funguo. Akainama kuokota tupa, na maumivu yakamkata chini ya mbavu za kulia, akaanguka kando ya meza. Tumbo likawa gumu, jasho la baridi likamtoka. Wazo lake la kwanza, Mungu amsamehe, lilimwendea fundi viatu wa mlango wa pili, aliyempa machungwa jana, naye akala moja kwa kuwa lilikuwa na ganda lake. Nimewekewa sumu, akajisemea.

Akasikia mkewe akigonga na kumwita. Alitaka kuitika, sauti ikagoma. Kisha kitasa kikazunguka. Mlango haukuvunjwa. Ulifunguliwa kwa ufunguo, ufunguo ambao kwa hesabu zake haukuwepo duniani. Mkewe alipoingia, Komeo alimwogopa kuliko kifo chenyewe, kisha akazimia.

Alizinduka hospitalini, dripu mkono huu, damu mkono ule. Sindano waliyomchoma tumboni ilitoa damu tupu, na daktari aliuliza kama alipigwa au aligongwa. Komeo akamtupia mkewe jicho. Picha ya tumbo ndiyo iliyojibu. Ini lake lilikuwa na uvimbe wa saratani uliokua kimyakimya, na sasa ulikuwa umepasuka, unavujia tumboni.

"Hakuna aliyekufanya kitu, mzee," daktari alisema. "Uvimbe umepasuka wenyewe. Tutapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinenani mpaka kwenye ini, tuuzibe mshipa unaovuja. Saratani tutaizungumzia ukishatulia. Ungecheleweshwa kidogo tu, tusingekuwa na mtu wa kutibu."

Hata hilo alilitilia shaka. Linauma tumbo, wao wanataka kutoboa kinena! Akakataa, akauliza nani kawatuma, akakataa tena. Alilegea pale tu mkewe aliposema kwamba atakaa mlangoni mpaka watoke.

Kesho yake damu ilikuwa imesimama. Walipobaki wawili, alitoa lililokuwa linamkaba rohoni.

"Mlango uliufunguaje?"

Mkewe hakuzunguka kwa maneno. Akatoa ufunguo kwenye mkoba, akamwekea kiganjani.

"Niliubana wako kwenye sabuni ulipolala, nikachonga huu mwenyewe kwa kufuata alama yake. Zamani sana. Sikuwahi kuutumia mpaka jana. Niliogopa siku moja utaanguka humo, na mimi niko nje nagonga."

Kumbe miaka yote alishuku sawasawa. Mwizi alikuwepo, tena alilala naye. Komeo aliupapasa ule ufunguo kwa kidole gumba, jino kwa jino, na aibu ikampanda mpaka machoni.

"Meno umeyakata vibaya," alisema. "Utakukwamisha siku moja."

"Basi nichongee mwingine ukipona."

Komeo alichukua chini ya mto kamba yenye ufunguo wake, aliyorudishiwa na muuguzi, akafungua fundo kwa taabu.

"Chukua huu wangu," alisema. "Huo wako niachie mimi."