Fundi Sikio na Redio ya Gari la Shule

Saa kumi na moja alfajiri, umeme umekatika na nyumba ni giza tupu. Jikoni, kifuniko cha sufuria kinaanza kutetemeka juu ya maji ya chai: ti-ti-ti, polepole kwanza, kisha kwa fujo.

"Inagonga," inasema sauti ndogo kutoka chini ya blanketi.

"Inagonga kweli, mama. Sasa tufanyeje?" anauliza baba mtu, akipapasa jiko gizani.

"Punguza moto."

Moto unapunguzwa, kifuniko kinanyamaza. Ni mchezo wao wa kila asubuhi. Binti ana miaka sita na amerithi jina la bibi yake mzaa baba, ndiyo maana baba humwita mama. Baba mwenyewe mtaani hana jina jingine ila Sikio.

Lakini leo baada ya mchezo binti hainuki. Leo gari la shule linarudi barabarani, mara ya kwanza tangu lile tukio la kilimani, na kabla halijabeba mtoto yeyote lazima lipite kwa baba yake. Sikio ndiye atakayesema lipande kilima au lisipande. Na miongoni mwa watakaopanda ni huyu aliyejifunika blanketi.

Sikio ni fundi wa injini. Gereji yake ni paa la mabati nyuma ya duka la saruji, na benchi lake ni mlango wa gari uliolazwa juu ya ngoma mbili. Jina alilipata kwa sababu haguzi hata nati moja kabla hajasikiliza. Huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma cha injini, mpini sikioni, akafumba macho kama mkunga anayesikiliza tumbo la mama mjamzito.

Kazi yake kubwa siku hizi ni taimingi. Anayo kompyuta ndogo ya mkononi, nyeusi, ambayo mtaa umeipa jina la rimoti. Anaichomeka chini ya usukani, na kwa vitufe vyake anaweza kuiambia injini iwashe cheche mapema kidogo au ichelewe kidogo. Kitufe kimoja kina alama za meno. Binti alikuwa anaota meno mwaka ilipofika nyumbani.

"Alichukua zamu zangu mbili za upatu," anasema mkewe, ambaye ni mshonaji. "Nikamwambia, sawa baba, lakini kama umeleta rimoti, basi na televisheni ije. Mpaka leo naisubiri."

Anapoulizwa taimingi ni nini, Sikio huanza na bembea.

"Unamsukuma mtoto kwenye bembea, siyo? Ukichelewa kusukuma, nguvu yako inapotea bure. Ukisukuma wakati wake, anapaa. Lakini ukiwahi mno, bembea bado inakuja kwako, utavunja mikono. Cheche ndivyo ilivyo. Ukiiwahisha kidogo unapata nguvu. Ukizidisha, moto unakutana na pistoni njiani, wanagombana. Hapo ndipo unasikia injini inagonga, kama kokoto ndani ya kopo."

Kuna jambo jingine, nalo ni petroli. Petroli nzuri ina subira, inangoja cheche. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa haina subira, inalipuka kabla ya kuitwa. Na wenye magari wana tabia moja inayofahamika gereji zote: siku ya kwenda kwa fundi wanajaza petroli nzuri. Kesho yake wanarudi kwenye petroli ya vidumu, ile iliyochanganywa.

"Gari linakuja kwangu limevaa nguo za kupigia picha," anasema Sikio. "Mimi nataka kuliona na nguo zake za kazi."

Kwa hiyo yeye hunusa kwanza tangi. Kisha humuuliza dereva, si mwenye gari. Na hata petroli ikiwa nzuri, haendi mpaka mwisho. Huirudisha cheche nyuma kidogo, akaiita hiyo akiba ya siku mbaya. Wateja wengi hukasirika. Wamelipia nguvu zote, kwa nini nyingine ibaki?

Aliyekasirika kuliko wote ni mwenye magari ya shule, ambaye madereva wake wanamwita Tajiri.

Gari lenyewe lina viti vya watu kumi na wanne. Lilikuwa linabeba watoto ishirini na wanane. Wadogo wanapakatwa na wakubwa, mabegi yanapita dirishani, mlango unafungwa kwa goti. Kabla ya shule kuna kilima cha tangi la maji, na pale gari lilikuwa linachoka katikati. Tajiri akalileta kwa Sikio, tangi limejaa petroli safi, akataka nguvu.

Sikio aliongeza alichoweza, akaacha akiba yake. Gari likapanda, lakini kwa kunung'unika.

"Nikamwambia, Tajiri, injini haina tatizo. Punguza watoto, uende safari mbili. Akanijibu, 'Wewe nimekuita urekebishe gari, sikukuita unihesabie abiria.'"

Huo ndio ukweli wa jambo hili, na inafaa usemwe bila kuzungushwa. Nguvu haikutafutwa ili watoto wafike salama. Ilitafutwa ili mtu mmoja asilipie mafuta ya safari ya pili.

Tajiri akalipeleka gari kwa fundi mwingine, kijana mwenye rimoti kama ile ile. Kijana akasukuma cheche mpaka mwisho. Injini za siku hizi zina kisikilizi chake, kijidude kinachosikia mgongano na kurudisha cheche nyuma. Kijana akakizima, kwa sababu kilikuwa kinampunguzia sifa. Wiki nzima gari lilipanda kilima kama mbuzi. Kisha petroli nzuri ikaisha tangini, na petroli ya vidumu ikaingia.

Dereva wa gari hilo ni kaka wa mke wa Sikio, mwembamba kiasi kwamba shemeji yake anamwita Njiti. Yeye ndiye aliyesikia kokoto za kwanza.

"Nikampigia Tajiri simu. Nikamwambia bosi, inagonga. Unajua alisema nini? Alisema, 'Ongeza sauti ya redio.'"

Njiti anarudia maneno hayo huku akitazama viganja vyake.

"Nikaongeza. Nina watoto wangu nyumbani, ningefanya nini? Watoto wakafurahi, wakaimba. Siku tatu tunaimba."

Sikio la injini lilizimwa kwa rimoti, la dereva likafunikwa kwa redio. Siku ya nne, katikati ya kilima, pistoni ikatoboka. Injini ikafa. Ikifa injini, breki nazo zinakuwa ngumu kama jiwe, na gari likaanza kurudi nyuma na watoto wake ishirini na wanane, redio bado inaimba. Njiti alikata usukani akaliegemeza gari kwenye ukuta wa tangi la maji. Vioo vilivunjika. Mtoto wa darasa la pili alivunjika mkono. Binti wa Sikio alitolewa dirishani akiwa na kiatu kimoja.

Na nani alilaumiwa? Kwenye kikao cha wazazi Tajiri alisimama, suti safi, akasema gari lake lilikuwa zima mpaka lilipoguswa na fundi wa nyuma ya duka la saruji. Njiti akanyoosha mkono akaeleza yote, fundi wa pili, simu, redio. Alifukuzwa kazi kabla hajakaa.

Wazazi waliosikia walisikia. Wengine walishaondoka na jina la Sikio mdomoni. Asubuhi iliyofuata mtu alikuwa ameandika kwa mkaa kwenye lango la gereji. Mke wa Sikio alifika na sabuni na steliwaya, lakini binti alitangulia. Ndiyo kwanza anajifunza kusoma, na kila andiko mtaani ni zawadi kwake.

"Mu-u-a-ji," alisoma, akageuka akifurahi. "Mama, nimesoma lote!"

"Nilisugua lile lango mpaka rangi ikatoka," anasema mama yake. "Yeye ananiuliza, mbona unafuta, mimi bado nalisoma?"

Wiki tatu benchi lilikaa tupu. Cherehani ndiyo iliyolisha nyumba. Aliyesema uongo kikaoni hakulala njaa hata siku moja.

Kilichomrudisha Tajiri si aibu. Ni viti vitupu. Wazazi waliamua kuwasindikiza watoto kwa miguu, na wakatuma neno: hatupandishi mtoto mpaka Sikio alishike gari hilo kwa mkono wake, na Njiti arudi kwenye usukani, kwa sababu ndiye aliyelipeleka ukutani badala ya bondeni.

Saa kumi na mbili kasoro, gari linaingia gerejini na injini mpya. Njiti anaendesha, Tajiri yuko pembeni yake, amejipulizia marashi. Kina mama wanne wa mtaa wamesimama langoni na watoto wao, kanga mabegani kwa baridi.

"Fundi, habari za asubuhi. Tumalize haraka," anasema Tajiri. "Yaliyopita si ndwele. Wewe nipe nguvu yote safari hii, na mimi nakupa magari yangu yote matano uyahudumie mwaka mzima. Utajenga!"

Sikio anasogea nyuma ya gari. Anafungua kifuniko cha tangi, ananusa.

"Safi," anasema. "Inanukia kama bwana harusi. Shemeji, jana alikuwa anakula nini huyu?"

Njiti anamtazama Tajiri, kisha anatazama ukuta.

"Kidumu kiko nyuma ya kiti, shemeji. Chini ya turubai."

Langoni mama mmoja anacheka, kicheko kisicho na furaha. "Makubwa! Wiki tatu tunasuguana na lami, na kidumu bado kiko pale pale?"

"Hicho ni cha dharura tu," anasema Tajiri.

"Dharura tumeshaiona, kaka yangu. Mwanangu bado ana plasta."

Sikio anakitoa kidumu na kukiweka nje ya lango, mbele ya macho ya wote. Kisha anakaa kwenye kiti cha dereva, anachomeka rimoti. Anakiwasha kwanza kisikilizi cha injini. Anasogeza cheche mbele, anashuka, anaegemeza bisibisi na sikio lake, anarudi, anairudisha kidogo. Mara tatu hivyo. Mwishowe anachomoa kifaa na kukifuta kwa shati.

"Nimeacha akiba," anamwambia Tajiri. "Litabeba kumi na wanne mpaka juu bila kulalamika. Likibeba ishirini na wanane litagoma, na ligome. Ni safari mbili."

"Safari mbili ni hasara! Wewe fundi unataka kunifilisi?"

"Nataka upande kilima."

"Na yale magari matano?"

Sikio anaitazama gereji yake, lile benchi tupu, lango lililochubuka rangi. Mkewe, aliyesimama na kina mama wenzake, baadaye anakiri kwamba hapo alikuwa anapiga hesabu. Kodi ya nyumba ilikuwa imefika.

"Yalete," anasema Sikio. "Yote matano. Na yote nitayaachia akiba."

Kina mama wanapiga vigelegele, na Njiti anapiga kofi juu ya boneti. "Sikio la kufa halisikii dawa, bosi," anamwambia Tajiri. "Lako bado zima. Sikia."

Tajiri anatazama watu langoni, anawahesabu kwa macho, na inaonekana hesabu haimpendelei. "Haya, safari mbili," anasema. "Tutaona."

Hiyo "tutaona" ndiyo inayomtia Sikio wasiwasi. Anajua kwamba kesho mtu anaweza kulipeleka gari kwa rimoti nyingine, na katika dakika kumi kazi ya leo ikafutika. Hakuna anayekagua. Magari ya shule yanapimwa taa na rangi, basi. Watoto wanapandishwa juu ya injini ambayo hakuna aliyeisikiliza, na ikivunjika anatafutwa fundi wa kuandikiwa mkaa langoni.

Kwa hiyo ana mpango. Kila Jumamosi, bila malipo, atafungua gereji kwa madereva wa magari ya shule wa mtaa mzima, na kwa mzazi yeyote atakayetaka. Atawafundisha kitu kimoja tu: sauti ya kokoto ndani ya kopo. "Rimoti anaweza kuwa nayo yeyote," anasema. "Nikipata watu hamsini wanaoijua sauti hiyo, hakuna tajiri atakayewadanganya." Darasa la kwanza, anasema akicheka, litakuwa la sufuria na kifuniko.

Watoto kumi na wanne wa safari ya kwanza wanapanda. Binti wa Sikio anasita mlangoni, ameshika mkono wa baba. Viatu vyote viwili viko mguuni, vimefungwa fundo maradufu.

"Uliisikiliza?" anauliza.

"Nimeisikiliza, mama."

Anapanda. Anachagua kiti cha mbele kabisa, nyuma ya mjomba wake, mgongo wima. Njiti anawasha gari, na injini inatulia kwenye ngurumo laini. Tajiri, ambaye sasa anataka kila mtu amwone akitabasamu, anaingiza mkono dirishani na kufungua redio, muziki unajaa gari lote.

"Haya watoto, furahini!"

Njiti haondoi gari. Mikono yake iko kwenye usukani na haisogei.

"Tajiri," anasema binti kwa sauti, "zima redio."